Akenese na Kurasa Ishirini na Sita

"Tangu mtungi huu utundikwe haujanikuta nje hata siku moja!" Akenese alitangaza, tena kwenye kipaza sauti, mbele ya kijiji kizima cha Lalotoa, siku Kamati ya Wanawake ilipotimiza miaka sitini. "Miaka thelathini na moja! Siku utakayonikuta nje, jamani, nitawalisha samaki wa kopo mpaka mapezi yawaote mgongoni."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mchungaji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ni Sulu peke yake, safu ya tatu, akijipepea na kifuniko cha ndoo ya aiskrimu, ambaye hakucheka wala hakupiga makofi. Aliyaweka maneno yale moyoni kama mtu anavyotunza risiti ya redio: leo inafanya kazi, lakini nani ajuaye kesho.

Mtungi wenyewe ni wa gesi, mtupu, umening'inizwa kwenye mshelisheli kando ya kanisa, na hugongwa kwa kipande cha chuma jua linapozama. Ukigongwa mara ya kwanza, unakwenda kwenu. Ukigongwa mara ya pili, huendi popote. Unakaa ndani na watu wako, mnaimba, mnasali. Ukigongwa mara ya tatu, dunia inaruhusiwa kuendelea. Katikati ya mlio wa pili na wa tatu wanaume vijana hukaa kando ya barabara na fimbo zao, wamevaa vikoi vya bluu vya aina moja, na hata gari la waziri likipita litasimama. Ukikutwa njiani unakaa chini palepale ulipo, uwe juu ya nyasi, lami au kinyesi cha farasi. Kisha kesi yako inakwenda kwenye kikao, na faini yake ni katoni za samaki wa kopo zinazoliwa na kijiji kizima, ili kila mtu apate kutafuna kosa lako.

Kifungu hicho cha kukaa palepale kilitungwa na Akenese mwenyewe. Alikitunga kwa ajili ya Sulu, ambaye mwaka juzi alikutwa akimfukuza nguruwe aliyevunja zizi, akajitetea kwamba hakuwa anatembea, alikuwa anakimbia, na sheria ilisema kutembea. Akenese aliyekuwa mwenyekiti wakati huo, na ndiye mwenyekiti hadi leo, alirekebisha sheria kabla Sulu hajamaliza kuhema. Katoni tatu. Na nguruwe hakupatikana.

Akenese ana miaka hamsini na tisa, mabega ya mpiga makasia, na filimbi shingoni. Filimbi ile hupulizwa Jumatano asubuhi anapopita kukagua vyoo na majiko, na wapo wanaume wazima Lalotoa ambao wakiisikia huanza kufagia kabla hawajaamka vizuri. Hajaolewa. Zamani, alipokuwa na miaka ishirini, alikaa mwaka mmoja kwenye chuo cha ualimu kule mji mkuu, Apia, mpaka baba yake alipougua na kumwandikia barua ya mistari miwili. Alirudi na sanduku moja la bati. Baba alipona, akaishi miaka ishirini na miwili mingine akila vizuri sana. Sanduku sasa linahifadhi mikeka. Kilichobaki cha chuo ni Kiingereza, na kwa hicho Akenese ndiye anayewasomea watu maandishi ya chupa za dawa, barua za benki, na hati za viza zinazokataliwa na New Zealand kwa maneno ya adabu.

Ndiyo maana kitabu kililetwa kwake.

Kilikuja Jumanne, kimefungwa kwenye taulo, kimebebwa mbele mbele kama panya aliyekufa. Aliyekibeba alikuwa Lagi, mke wa mchungaji, mwanamke mwembamba ambaye hata akipiga chafya huomba radhi.

"Dada Nese," alisema kwa sauti ya chini, ingawa nyumba ya Kamati ilikuwa tupu. "Nimekikuta chini ya godoro la Ianeta."

"Sigara?"

"Afadhali sigara."

Akenese alifunua taulo. Kitabu kinene, kikuukuu, chenye muhuri wa maktaba ya shule ya sekondari ya mjini. Juu ya jalada msichana amesimama akitazama ukuta mrefu, nywele zinapepea, ametugeuzia mgongo, kama ilivyo desturi ya wasichana wa majalada, hawana nyuso.

"Ni hadithi," akasema Akenese.

"Ndiyo. Binti wa humo ndani, nimesikia, anawatoroka wakubwa wake." Lagi alitazama barabarani. "Baba yake Ianeta ameshasema. Kama ni kichafu, shule basi. Atakaa nyumbani, afundishe watoto wa Jumapili, mpaka apatikane mtu wa kumwoa. Wewe unakijua Kiingereza kuliko sisi, dada. Kisome. Jumatatu kwenye kikao utuambie kama ni kichafu au si kichafu. Utakalosema ndilo tutakalofuata."

Ianeta, binti huyo wa pekee wa mchungaji, alikuwa na miaka kumi na sita na hakuwahi kufika peke yake hata kwenye kidimbwi cha kuogea, hatua themanini kutoka mlangoni kwao. Asubuhi mama yake humsindikiza mpaka kwenye basi la shule na kusimama pale mpaka moshi wa basi uishe. Jioni humsubiri palepale, utadhani hakuondoka. Shule ndiyo ilikuwa tundu pekee katika wavu ule, na sasa tundu lenyewe lilikuwa limewekwa mikononi mwa Akenese kama vazi la kushonwa.

Akenese alianza kazi siku ileile mchana. Alichukua kalamu nyekundu ya kuweka alama kwenye uchafu, akakaa akiegemea nguzo ya mbele ya nyumba ya Kamati, akafungua ukurasa wa kwanza kwa uso wa askari wa forodha.

Hadithi ilikuwa ya mji mmoja uliozungushiwa ukuta wa futi arobaini. Msichana aliitwa Junia. Tangu azaliwe ameambiwa kwamba hewa ya nje ni sumu. Kila jioni, Kengele ya Saba ikilia, watu wote wa mji huingia ndani na kutamka maneno waliyofundishwa, na walinzi wenye marungu husimama barabarani kukamata wazembe.

Akenese aliinua macho, akatazama mtungi wa gesi ukining'inia kwenye mshelisheli. Akarudi kwenye kitabu.

"Sasa ubaya uko wapi?" akauliza hewani.

Ukurasa wa ishirini na mbili akatokea Marga, shangazi wa Junia aliyemlea, mwanamke mkubwa mwenye ufunguo shingoni, ambaye kazi yake ni kulinda lango na kukagua nyumba za watu. Akenese alimpenda papo hapo. Ilionekana wazi kwamba mwandishi alitaka wasomaji wamchukie. Alimpa sauti ya ukali na viatu vyenye kishindo. Akenese hakudanganyika. Huyu mwanamke alikuwa ndiye mtu pekee mwenye akili mji mzima. Wengine wote walikuwa wanakaa madirishani wakitazama mawingu. Marga alipomzaba Junia kibao kwa kuchelewa kufunga pazia, Akenese alisema "Safi!" kwa sauti, na mbwa aliyekuwa amelala chini ya ngazi akaamka na kuondoka.

Kalamu nyekundu ilifanya kazi mara moja tu, ukurasa wa thelathini na moja, ambapo mvulana alimshika Junia mkono. Pembeni Akenese aliandika: *Mkono tu.*

Jumatano hakukagua vyoo. Kijiji kizima kilifagia, kikasubiri, filimbi haikusikika. Mzee mmoja alimtuma mjukuu kuuliza kama mwenyekiti amefariki.

Alhamisi ni siku ya kusuka mikeka. Wanawake kumi na wawili walikaa duara kwenye nyumba ya Kamati, kila mmoja na mkeka wake mapajani, na Akenese kwenye nafasi yake. Mikono yake ilikuwa juu ya ukili, lakini macho yalikuwa yanateremka kushoto, chini ya paja, kisha yanapanda, kisha yanateremka.

"Nese," alisema Sulu, bila kuinua kichwa. "Mkeka wako toka asubuhi uko palepale. Unasuka au unaatamia?"

Wanawake wakaangua kicheko. Aliye jirani akanyoosha mkono, akavuta, kitabu kikatoka kikiwa na joto kama yai kweli.

"Ni kazi ya Kamati!" Akenese akafoka. "Nachunguza."

"Chunguza kwa sauti basi," akasema Sulu. "Sisi si Kamati?"

Hapo Akenese alikuwa na nafasi ya kuweka heshima yake mbele. Lakini tangu Jumanne alikuwa amebeba hadithi ile peke yake, na hadithi ukiibeba peke yake ni kama jipu. Akawasimulia. Akasimulia ukuta, kengele, hewa ya sumu, ufunguo wa Marga.

"Mama yake yuko wapi huyo mtoto?" mmoja akauliza.

"Alikufa."

"Ah! Mama wa vitabuni hata mafua hawaugui. Wanakufa tu."

"Na huyo mvulana aliyemshika mkono, kwao ni akina nani?"

"Kitabu hakisemi."

"Kitabu gani hicho, kinamleta kijana bila kusema kwao ni wapi? Hapo ndipo penye uchafu. Andika."

Mpaka saa ya chakula walikuwa wamegawanyika pande mbili. Upande wa Marga walikuwa Akenese na wanawake wenye mabinti. Upande wa Junia walikuwa Sulu na wanawake wenye mama wakwe.

"Mimi kinachonishangaza," alisema Sulu akikata ukili kwa meno, "hao watu wana ukuta wa futi arobaini, wana walinzi, wana marungu, na bado mtoto atawatoka, mtaona. Sisi nyumba zetu hazina hata ukuta mmoja, nguzo tupu, upepo unaingia huku unatokea kule, na hakuna mtoto anayetoka."

Walicheka sana. Kisha kila mmoja akainamia mkeka wake.

Jumamosi alasiri Akenese alifika ukurasa wa mia mbili themanini na nane. Junia alikuwa amemwibia shangazi yake ufunguo. Alikuwa amefika langoni. Kengele ya Saba ilikuwa inalia. Kitasa hiki, kitabu kilisema, hakijafunguliwa kwa miaka mia moja, kimekula kutu, kikivutwa kitapiga kelele mji mzima usikie. Junia akaweka mkono juu ya kitasa. Akavuta na

Akenese akafunua.

Jalada la nyuma.

Akarudi nyuma, akafunua tena taratibu, kama mtu aliyeruka ngazi. Jalada la nyuma. Alikipindua kitabu, akakikung'uta. Ikadondoka chenga ya gundi kavu na mende mdogo. Uti wa kitabu ulikuwa wazi pale mwisho. Kurasa za nyuma zilikuwa zimeng'oka zote, fungu zima. Joto la kisiwa hiki cha Savaii lina tabia hiyo, linaanza na gundi za vitabu na kumalizia na ndoa.

"Akavuta na nini?" Akenese aliuliza ile nyumba tupu. "Na NINI?"

Hakula vizuri usiku ule. Jumapili asubuhi alikuwa kanisani, kofia nyeupe, gauni jeupe, mwili wake kwenye benchi na roho yake langoni kwa Junia. Kwaya iliposimama kuimba, alimwona Ianeta safu ya pili, ameshika kitabu chake cha nyimbo. Kitabu kile kilikuwa kimenenepa. Nyimbo za Lalotoa hazijaongezeka tangu babu zao, lakini kile kitabu kilikuwa kimevimba katikati kama nyoka aliyemeza yai. Ianeta aliinua macho, akakutana na macho ya mwenyekiti wa Kamati, akatabasamu, kisha akaimba sauti ya pili kwa usafi wa malaika.

"Kumbe wewe," Akenese alinong'ona katikati ya wimbo.

Jumapili baada ya mlo wa mchana kijiji kizima hulala kama kimepigwa rungu. Akenese hakulala. Alasiri ilipoanza kupoa alichukua sahani ya magimbi ya tui, kwa kuwa mtu haendi kwa mchungaji mikono mitupu hata kama anakwenda kufanya magendo, akapita nyuma ya nyumba, akamkuta Ianeta anaosha vyombo.

"Ziko wapi?"

"Nini, shangazi?"

"Usinichezee, mtoto. Kurasa."

Ianeta alisuuza kikombe pande zote mbili. "Ziling'oka zenyewe. Nikaziweka kwenye nyimbo ili nimalizie kanisani. Mama akakuta kitabu kabla sijazirudisha."

"Kwa hiyo wewe mwisho unaujua."

"Naujua, shangazi."

"Hebu niambie, akavuta na..."

"Sikuambii." Alisema kwa heshima zote, macho chini. "Nikikuambia hutasoma. Na kesho wewe ndiye utakayesema kama naendelea na shule."

Akenese aliweka mikono kiunoni. Majiko mengi yamewahi kusafishwa kwa ile mikono kiunoni. "Unataka niseme uongo mbele ya Kamati?"

"Hapana, shangazi. Nataka umalize kabla hujahukumu. Basi."

Hapo Akenese akatafuta la kumkaripia, akajikuta anatazama ule mkono wenye povu ukitoa kitabu cha nyimbo mfukoni mwa aproni, ukichomoa fungu la karatasi kumi na tatu zilizolainika kwa jasho la kwaya. Kurasa ishirini na sita. Alizichukua, akazichomeka ndani ya mkanda wa kikoi chini ya gauni, akageuka aondoke.

"Dada Nese!" Lagi alikuwa mlangoni. "Umefika nyumbani kwetu uondoke bila kakao?"

Huwezi kukataa kakao kwa mchungaji. Tena haikuwa tayari, ilibidi ichemshwe. Kisha ikaja na mkate. Kisha ikaja na habari za goti la mchungaji. Akenese alikaa mkeka mmoja na mchungaji, magendo yakimkwaruza tumbo, akisema "Pole sana na goti" kila baada ya sentensi mbili. Alipopata nafasi ya kuaga, mtungi ulikuwa unagongwa mara ya kwanza.

Si kitu. Kutoka kwa mchungaji hadi kwake ni hatua mia tatu, na kati ya mlio wa kwanza na wa pili mtu huweza kuzitembea mara mbili na kusalimia kuku. Angefika. Angefika kabisa, kama asingejisemea kwamba mwanga bado upo, na kwamba sentensi moja tu haina madhara.

Akachomoa karatasi ya juu.

*...na kitasa hakikulia.*

Akapunguza mwendo.

Hakikulia hata kidogo. Kiliteleza kama kimetoka dukani jana. Junia akatazama vidole vyake: vilikuwa na mafuta.

"Mafuta?" alisema Akenese, akasimama.

Na mtungi ukagongwa mara ya pili.

Alitazama kushoto na kulia. Barabara tupu. Alikuwa amesimama katikati ya lami, karatasi mkononi, mbele ya nyumba ya nani? Ya Sulu, ya nani tena. Kati ya nguzo familia ya Sulu ilikuwa imeshakaa duara, na Sulu alikuwa ameshaanza wimbo, macho wazi, sauti juu kuliko siku zote.

Ropati, mpwa wake Akenese, mtu wa miaka thelathini na tatu mwenye watoto wanne, alikuwa kwenye zamu hapo kwa kikoi chake cha bluu. Alisogea huku anaiburuza fimbo kama mtu aliyetumwa kumkamata mama yake.

"Shangazi," alinong'ona. "Ingia basi pale kwa haraka, mimi nageuka naangalia bahari."

"Kwa Sulu? Afadhali lami."

"Basi... samahani, shangazi. Kaa chini."

"Unadhani sheria hiyo aliitunga nani?" alisema Akenese, akakunja gauni lake jeupe la kanisani, akakaa katikati ya barabara.

Mtu mwingine angeinamisha kichwa. Akenese alihesabu: katoni tano zimeshakwenda, tatu za kosa na mbili za uenyekiti, miaka thelathini na moja imeshakwenda, mwanga upo dakika kumi, kumi na mbili. Akazipanga zile karatasi mapajani, akaendelea kusoma.

Kwa Sulu wimbo uliisha, sala ikaanza. Na sala hiyo, wanaoijua familia ile wanasema, haijawahi kuwa ndefu namna hiyo. Sulu aliwaombea wagonjwa, wasafiri, wajane, serikali, na "wote waliokutwa na giza mahali pasipowapasa." Kijiji kilikuwa kimya, ule ukimya wa saa hiyo ambapo hata mbwa wanajua faini ni nini.

Ndipo kikapasuka kicheko.

Hakikuwa kicheko cha kujificha. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikatoka kikubwa na kinene, kikavuka nguzo za nyumba zote, kikaingia kwenye sala za watu. Kwa mchungaji goti bovu likashtuka. Watoto wakafumbua macho, wakafumbishwa kwa makofi.

"Nilijua!" Akenese alikuwa anapiga lami kwa kiganja. "Nilijua mimi! Huyu mwanamke!"

"Shangazi, nakusihi," Ropati alikuwa karibu kulia. "Kaa tu, lakini usicheke. Kucheka sijui hata kunaandikwaje."

"Nyamaza wewe, watu wako langoni!"

Akafunua karatasi ya mwisho. Akasoma mpaka chini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno machache. Akayasoma mara mbili. Kicheko kikamtoka usoni, akabaki ametoa macho kama mtu aliyepanda basi na kuambiwa kumbe hapo si mwisho wa safari. Taratibu, upande mmoja wa mdomo ukaanza kupanda tena.

Mtungi ukagongwa mara ya tatu. Sulu alifika barabarani kabla mlio haujafa, na mkeka chini ya kwapa.

"Nese, mwenyekiti wetu. Nimekuletea cha kukalia, usiharibu gauni."

"Asante. Nimeshamaliza kukaa."

"Nilisikia mtu anacheka. Nikasema labda ni nguruwe wangu amerudi."

"Cheka, Sulu. Ni haki yako. Umeingoja miaka miwili."

Sulu akacheka, kweli, akacheka vizuri na kwa kushiba. Akamaliza. Akasimama pale, hakuondoka. Akausogeza mkeka kwapa la pili.

"Haya," akasema, sauti imeshuka. "Alitoka au hakutoka?"

"Utasikia kesho kwenye kikao, na wenzako," alisema Akenese, akajikung'uta vumbi, akaenda zake.

Jumatatu hakukosa mtu. Walikuja hata wawili waliokuwa wagonjwa. Lagi alikaa mbele na taulo lake mapajani, tupu, limekunjwa mraba. Sulu alisimama wa kwanza, akasafisha koo, akarudia neno kwa neno yale maneno ya kipaza sauti, pamoja na mapezi.

"Ni kweli," alisema Akenese. "Nimekutwa. Katoni tano. Na kusoma wakati wa sala, na kucheka, hayana kifungu. Nimetunga leo asubuhi. Katoni tano nyingine. Jumla kumi. Kuna mwenye neno?"

Sulu alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa saa nzima. Akakaa chini.

"Sasa kitabu." Akenese alikiweka juu ya meza, kurasa zake zote ndani, kimefungwa na uzi wa mkeka. "Nimekuta mkono ulioshikwa, ukurasa wa thelathini na moja. Nimekuta busu, ukurasa wa mia na tisini, la shavuni, fupi kuliko la mazishi. Nimekuta mtoto mkaidi. Nimekuta mwanamke mmoja mwenye akili. Mnaniuliza ni kichafu au si kichafu? Sijui."

Lagi akanyanyua uso. "Hujui vipi, dada? Si umekimaliza?"

"Kurasa nimemaliza. Hadithi haijaisha. Mwisho pale imeandikwa: mwisho wa kitabu cha kwanza. Viko vitatu."

Nyumba nzima ikaguna.

"Mimi siwezi kumhukumu mtu kwa kusikia shahidi mmoja kati ya watatu," aliendelea Akenese, uso mkavu kama biskuti ya meli. "Wala Mungu hafanyi hivyo. Itabidi nichunguze cha pili na cha tatu."

"Viko wapi?"

"Maktaba ya shule."

"Na nani anaruhusiwa kuviazima?"

"Mwanafunzi," alisema Akenese. "Mwenye kadi."

Lagi alitazama taulo lake. Si mjinga, mke wa mchungaji. Ni mpole tu, na watu huchanganya. Aliona njia nzima ilivyopita na mahali ilipotokea. "Kwa hiyo Ianeta..."

"Ataendelea kwenda shule kwa ajili ya uchunguzi wa Kamati. Uchunguzi unaweza kuchukua muda. Mimi nasoma taratibu."

"Naunga mkono!" Sulu alisimama kwa nguvu mpaka kifuniko cha ndoo kikaanguka. Kila mtu akamgeukia. "Nini? Kuunga mkono nimekatazwa? Naunga mkono, na sasa mtu atuambie, alitoka?"

"Alitoka."

"Na kile kitasa? Si kilikuwa na kutu? Si walinzi wangesikia?"

"Hakikulia. Kilikuwa na mafuta." Akenese alisubiri kidogo, kwa kuwa alikuwa amengoja saa hii tangu jana. "Marga. Yule shangazi. Kila Jumamosi, miaka kumi na sita, alikuwa anakwenda usiku kukipaka mafuta. Na ufunguo hakuibiwa. Aliuacha mezani, akageukia ukutani, akajifanya amelala."

Upande wa Junia na upande wa Marga wakaanza kupiga kelele pamoja, kila mmoja akidai kwamba alikuwa amesema tangu Alhamisi. Katikati ya kelele zile Lagi aliinama mbele.

"Alijua siku zote?" aliuliza. "Kwamba hewa ya nje si sumu?"

"Tangu ujana wake," alisema Akenese. "Aliwahi kutoka mwaka mmoja."

Lagi akalikunja taulo mara nyingine, ingawa lilikuwa limeshakunjwa.

Samaki waliliwa kwa siku mbili, kwa magimbi, kwa tui, kwa ndizi za kuchemsha, na kila aliyepita mbele ya nyumba ya Akenese alijipapasa mgongoni akitafuta mapezi. Akenese aliwajibu wote. Ijumaa kitabu cha pili kilifika kutoka shuleni. Kilibebwa na Lagi mwenyewe, katika taulo lilelile, naye aliomba radhi kwa kuchelewa. Akenese alipokifungua alikuta kona ya ukurasa wa arobaini na saba imekunjwa ndani, vizuri kama taulo, na mtu mwenye vidole safi. Aliinyoosha kona, akaanza mwanzo.

Katoni moja ya samaki wa kopo, dukani kwa Ah Sue, mwaka ule, ilikuwa tala themanini na nne, pesa ya kule; zidisha kwa kumi.